Hita ya Mini inavuja: namna ya kupata mvujo na kuuziba mwenyewe

Msimu wa baridi ukikaribia maswali huwa ni yale yale. "Zulia la mbele limelowa, nifanyeje?" "Kioo kinashika ukungu kwa ndani, nikifuta unarudi." "Fundi kaniambia tukate mipira ya hita tuifunge, ni sawa?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Ninayoyasema hapa ni ya Mini ya zamani, gari dogo la Kiingereza, ile iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 2000, na hasa zile za miaka ya 60, 70 na 80 ambazo koki ya hita imefungwa kwenye hedi yenyewe (kichwa cha injini). Ndizo nilizozifungua kwa mikono yangu. Mwenye Morris Minor ataona mengi yanafanana kwa sababu injini zao ni za ukoo mmoja, ila boksi la hita limefungwa kwa namna nyingine.

Nianze na jambo linalowagharimu watu pesa. Ukiona maji miguuni mwa abiria, usikate kauli kwamba rejeta ndogo ya hita imetoboka. Mara nyingi ni klipu iliyolegea, mpira uliochoka au koki. Wakati mwingine hata si maji ya injini. Jumamosi moja nilishusha hita nzima ya Mini ya 1977, nikaipeleka kwa fundi rejeta, akaipima mbele yangu: nzima kabisa. Nikairudisha, na mvua ya kwanza zulia likalowa tena. Maji yalikuwa yakipita chini ya raba ya kioo cha mbele na kuteremka nyuma ya dashibodi. Siku nzima ilipotea kwa sababu sikutumia dakika tano kuyachunguza yale maji.

Na kuhusu kukata hita: usikubali haraka. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam anaweza kukaa miaka bila kuigusa. Lakini sisi wa nyanda za juu za Kenya, Limuru, Molo au Kinangop, tunajua baridi ya Julai ilivyo. Hita ndiyo inayokausha kioo cha mbele. Kushuka barabara ya Mai Mahiu usiku, kuna ukungu nje na mvuke ndani, huku unafuta kioo kwa kiganja, ni kuhatarisha maisha yako na ya wengine.

Njia ya maji, kwa ufupi

Maji ya moto hutoka kwenye hedi kupitia koki iliyo mwisho wa hedi, upande wa klachi. Yanapita kwenye mpira hadi ndani ya gari, yanazunguka kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya boksi la hita katikati chini ya dashibodi, kisha yanarudi kwa mpira wa pili hadi mpira wa chini wa rejeta kubwa. Ukivuta au kusukuma kitufe cha joto, kebo inafungua au kufunga ile koki. Basi. Kwa hiyo mvujo wa hita unaweza kuwa sehemu nne tu: koki, mipira, maungio ya mipira, au rejeta ndogo yenyewe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Spana za inchi, hasa 7/16 na 1/2. Nati za Mini ni za inchi. Spana ya milimita itakaribia kuingia, kisha itakula pembe za nati.
- Bisibisi bapa na ya nyota, plaia, tochi
- Beseni la kushika lita 5. Mfumo wote wa Mini yenye hita unachukua kama lita 3.5.
- Karatasi nyeupe za shashi, nyingi
- Pampu ya kupima presha ya rejeta. Kama huna, mafundi rejeta wengi wanayo, omba akupimie.
- Mpira wa hita wa kipenyo cha ndani cha milimita 13, mita mbili, na klipu mpya
- Gasketi ya koki, na koki yenyewe kama bajeti inaruhusu
- Mafuta ya kulegeza kutu
- Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) na maji safi. Chukua kulanti ya aina ya zamani, ile ya kijani au buluu iliyotengenezewa injini za chuma na rejeta za shaba. Zile za kisasa za maisha marefu huepukwa na wengi wenye magari ya umri huu kwa sababu ya lehemu na sili za zamani.
- Plastiki au gunia la kutandika ndani ya gari

Kwanza: ni maji gani hayo?

1. Acha injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta kimeshikilia presha. Ukikifungua kikiwa moto, maji yanaruka hadi usoni. Saa mbili za kusubiri zinatosha. Usijidanganye na taulo.

2. Inua zulia, kausha sakafu, tandika karatasi nyeupe upande wa dereva, katikati na upande wa abiria. Endesha dakika 20, hita ikiwa imefunguliwa. Rudi uangalie karatasi.

3. Chota unyevu ule kwa vidole viwili, usugue, unuse. Kulanti inateleza, ina harufu tamutamu na rangi yake inaonekana kwenye karatasi. Maji ya mvua hayatelezi wala hayanuki. Mafuta ya breki au klachi nayo yanateleza, lakini huonekana chini ya pedali, yana harufu kali na yanababua rangi. Hayo ni maradhi mengine, na ya haraka zaidi. Usionje. Nimeona mafundi wakichovya kidole wakaweka ulimini. Kulanti ni sumu, na huua mbwa na paka wanaoilamba sakafuni.

4. Jaza rejeta ikiwa baridi, endesha siku mbili, pima tena. Hapa wanaoanza huchanganyikiwa: Mini nyingi za zamani hazina tangi la akiba, kwa hiyo ukijaza hadi mdomoni, maji yakipanuka yatatemwa kupitia kipaipu kidogo cha shingoni. Huo si mvujo. Kiwango kikishuka kidogo kisha kikatulia hapo hapo siku ya pili na ya tatu, mfumo uko sawa. Kikiendelea kushuka, unavuja.

Pili: yanatokea wapi?

5. Anza na koki. Fungua boneti, mulika mwisho wa hedi upande wa klachi. Tafuta ukoko mweupe au wa kijani kuzunguka koki na kwenye kijiti kinachovutwa na kebo. Futa pakavu, washa injini ipate joto, funika koki kwa karatasi ya shashi kwa sekunde chache, kisha fungua na funga hita mara mbili tatu. Koki nyingi hazivuji zikitulia, huvuja zikichezeshwa. Maji ya hapa huteremka juu ya boksi la klachi na kudondoka chini, mtu akadhani gia inavuja. Angalia mikono na mikono ya shati, feni inazunguka.

6. Zima injini, acha ipoe, bonyeza mipira yote miwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpira mzima unarudi kama ulivyokuwa. Ukisikia unachakachaka ndani, au umekuwa laini kama ndizi iliyoiva kwa sababu umelowa mafuta ya injini, hauna maisha. Ukunje kidogo karibu na klipu: nyufa hujificha hapo.

7. Pima kwa presha. Funga pampu mahali pa kifuniko, fungua koki ya hita, pandisha hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chako, kwa kawaida psi 13 au 15. Usizidishe, rejeta ya miaka 45 haina deni nawe. Subiri dakika kumi. Sindano ikishuka, zunguka na tochi na karatasi. Faida ya njia hii ni kwamba injini iko baridi na kimya, unaweza hata kusikia tone likidondoka.

8. Presha ikiwa bado ipo, ingia ndani. Lala kwa mgongo sakafuni upande wa abiria. Gusisha karatasi safi kwenye maungio ya mipira na midomo ya rejeta ndogo, moja baada ya jingine, kisha chini ya boksi la hita. Ungio likilowesha karatasi, kaza klipu na upime tena. Huenda kazi imeishia hapo. Maungio yakiwa makavu na tone linatoka kwenye mshono wa chini wa boksi, sasa ndiyo una haki ya kuilaumu rejeta ndogo.

9. Huna pampu na hupati wa kukuazima? Hapa ndipo kukata hita kunapofaa, kwa siku mbili tu. Unganisha mpira mmoja kutoka koki moja kwa moja hadi njia ya kurudia, endesha, pima kiwango. Sakafu ikikauka na maji yasipopungua, tatizo liko ndani ya gari. Yakiendelea kupungua, rudi kwenye boneti.

Tatu: kutengeneza

10. Toa waya wa betri uliofungwa kwenye bodi ya gari. Weka beseni, ondoa kifuniko cha rejeta, legeza klipu ya mpira wa chini na uutoe polepole. Koki ya hita iwe wazi. Zoa kila tone lililomwagika sakafuni, na usiyamwage maji hayo kwenye mtaro.

11. Kama ni koki: toa kebo, toa mpira, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati mbili na uende ukanywe chai. Narudia, nenda. Boliti zile zimekaa kwenye chuma cha hedi miongo kadhaa, na ukizilazimisha zinakatika, kazi ya saa moja ikawa ya wiki. Kaza kidogo, legeza kidogo, mpaka nati ianze kutembea. Koki ikitoka, kwangua gasketi ya zamani hadi uso uwe bapa na safi, weka mpya, kaza nati zote mbili kwa zamu. Koki ni jepesi, ukilikaza kwa hasira linapinda na kuvuja palepale. Mimi siku hizi sitengenezi koki la zamani, naweka jipya.

12. Kama ni mpira: badilisha yote miwili hata kama mmoja unaonekana mzima. Usiuvute kwa nguvu kutoka kwenye mdomo wa rejeta ndogo! Midomo ile ni myembamba na imelehemiwa tu. Watu wengi wametoboa rejeta nzima kwa kung'ang'ana na mpira. Pasua mpira wa zamani kwa urefu kwa kisu, ufungue kama ganda. Safisha mdomo kwa msasa laini, lowesha mpira mpya kwa maji ya sabuni, usukume. Hakikisha raba ndogo inayozuia mpira usikwaruzwe pale unapopenya ukutani kati ya injini na abiria ipo mahali pake. Bila hiyo, bati litaukata mpira taratibu na utarudi hapa mwakani.

13. Kama ni rejeta ndogo, tandika plastiki ndani. Toa mipira yote miwili upande wa injini, na kwa pampu ya baiskeli sukuma hewa polepole kwenye mmoja ili maji yaliyobaki yatokee kwenye mwingine. Usipulize kwa mdomo. Hatua hii ndogo inakuokoa na nusu lita ya kulanti juu ya zulia.

14. Ndani ya gari, toa mipira kwenye rejeta ndogo na uzibe midomo yake kwa vitambaa. Chomoa waya za feni, lakini zipige picha kwanza. Toa mipira mikubwa ya hewa inayokwenda kwenye kioo, na kebo ya mlango wa hewa kama ipo. Fungua skrubu mbili za mbele chini ya rafu, kisha legeza tu nati za nyuma, usizitoe. Kishikio cha nyuma kina mwanya, boksi litateleza na kutoka. Literemshe likiwa limelala sawasawa.

15. Fungua boksi, toa rejeta ndogo. Ziba mdomo mmoja kwa kipande cha mpira na boliti, mwingine uunganishe na pampu ya baiskeli, izamishe kwenye karai la maji. Bonyeza mara moja, tazama. Bonyeza tena. Mapovu yatatoka kama uzi mwembamba kutoka tobo ambalo jicho haliwezi kuliona. Usitumie kompresa ya mtu wa matairi; itaifurisha na kuipasua.

16. Tobo moja kwenye mshono, fundi rejeta mwenye mkono mwepesi analehemu na rejeta inadumu. Matobo mawili matatu katikati ya mapezi ni dalili ya shaba iliyooza, na hapo lehemu inaziba leo, kesho linatoka jirani. Nunua mpya. Kabla ya kurudisha boksi, badilisha sponji zinazozunguka rejeta, maana zikiwa zimesagika hewa inapita pembeni na hita haitapasha. Jaribu feni kwa betri ikiwa bado mezani.

Nne: kujaza bila kufungia hewa

17. Rudisha mpira wa chini. Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu. Watu huniuliza kwa nini tuweke kulanti wakati kwetu hakugandi barafu. Ni kwa ajili ya kutu, na pia kwa sababu ya mwinuko: hapa Limuru, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na thamostati ya Mini (kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta) inaanza kufunguka kwenye 82. Nafasi ni ndogo. Kama maji ya kwenu ni ya kisima chenye chumvi, tumia ya mvua yaliyochujwa.

18. Chomoa mpira wa hita pale kwenye koki, uinue, utie faneli. Mimina polepole hadi maji yakae karibu na mdomo. Mimina pia kwenye koki iliyo wazi, kisha rudisha mpira haraka. Malizia kwenye rejeta kubwa.

19. Rudisha waya wa betri, washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa wazi, isilale wala isivume. Minya mpira wa juu mara kwa mara. Mapovu yatatoka, ongeza maji. Shika mipira miwili ya hita: yote ikiwa ya moto, maji yanazunguka. Funga kifuniko, endesha kilomita chache, acha ipoe, ongeza.

Usifanye haya

Unga wa kuziba matobo, manjano, yai: wapo wanaoapa kwayo. Rejeta ndogo ya hita ina njia nyembamba kuliko sehemu zote, kwa hiyo ndiyo inayoziba kwanza. Utakuwa umebadilisha hita inayovuja kwa hita isiyopasha. Niliwahi kufungua moja iliyokuwa imejaa tope la njano gumu kama udongo wa tanuri, haikufaa hata kuoshwa.

Pia, usipandishe presha ya kifuniko ukidhani unalisaidia gari. Kifuniko cha presha kubwa kwenye mipira ya zamani hutafuta mahali pengine pa kutokea.

Ukimaliza na bado kuna tatizo

*Mvujo umeisha lakini hita ni baridi.* Mpira mmoja wa moto na mwingine wa baridi: kuna hewa imekwama, koki haifunguki, au rejeta imeziba. Egesha pua ya gari ikitazama mlimani, rudia hatua ya 18 na 19. Bado? Angalia kama kijiti cha koki kinatembea kweli mtu anapovuta kitufe. Mara nyingi kebo imeteleza kwenye skrubu yake. Mwisho, osha rejeta ndogo kwa bomba la bustani, maji ya taratibu, kwanza upande wa kurudia.

*Kioo bado kinashika ukungu.* Kulanti iliyopeperushwa na feni huacha utando wa mafuta kwa ndani ya kioo. Usafishe kwa maji ya moto yenye sabuni, halafu siki. Hakikisha pia mipira mikubwa ya hewa umeirudisha. Ukiisahau mmoja, upande mzima wa kioo unabaki na mvuke.

*Sehemu nyingine imeanza kuvuja.* Hilo ni la kawaida. Mvujo wa zamani ulikuwa unapunguza presha. Sasa presha inakaa na inaonyesha udhaifu mwingine. Wa kwanza kutazama ni ule mpira mfupi kati ya wotapampu na hedi, maana umejificha na hakuna anayeukumbuka.

*Maji yanapungua na hakuna mahali palipolowa.* Tazama tundu dogo chini ya wotapampu, kisha kifuniko chenyewe. Ukiona moshi mweupe usioisha injini ikiwa ya moto, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au utelezi kama mayonezi chini ya kifuniko cha oili, huenda hiyo ni gasketi ya hedi. Simamisha gari.

*Sakafu inalowa ingawa kila kitu ni kikavu.* Chini ya zulia kuna blanketi la kuzuia kelele, na linahifadhi maji wiki nzima. Litoe lote, lianike juani, na ukague bati la sakafu kwa ncha ya bisibisi, hasa pembeni ambako linaungana na kizingiti. Palipo na kutu pakwangue, upake rangi ya kuzuia kutu, uache pakauke siku mbili kabla ya kurudisha zulia. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena klipu zote nne, injini ikiwa baridi, maana mpira mpya hukaa na klipu ikalegea kidogo.